Mlima Unaoanza kwa Kushuka

Jumamosi, 14 Agosti 2021. Minto, Australia

Katembo amerudi nyumbani leo. Gari la hospitali lilimshusha langoni na kiti cha magurudumu, akakikataa. Akasimama, akashika ukuta, akaingia kwa miguu yake mwenyewe. Kutoka langoni hadi kwenye sofa alipumzika mara mbili. Nilimfuata na mifuko yake, nikaona mapazia ya majirani yakisogea, nikainua kidevu kama mtu anayesindikiza chifu. Anayetaka kutazama na atazame. Wiki tatu korona ilimlaza pale, na kuna siku ambazo daktari alinipigia simu akisema maneno ya kuniandaa. Sikuandaliwa. Nilikataa, na mume wangu amerudi.

Usiku huu naandika jikoni. Kwa miaka mingi nimewatunza wazee wa watu kule Macquarie Fields, nikiandika kila siku nani amekula na nani amelala vibaya. Sasa nitaandika ya nyumbani kwangu.

Jumapili, 15 Agosti

Mama mkwe alipiga kutoka Butembo, kama kila Jumapili kabla ya misa. Hajui kitu. Vénérand, mdogo wake Katembo anayekaa na mama yao, ndiye aliyetushauri tumfiche kwa sababu ya presha yake. Kwa hiyo nikasema, "Yuko kazini, Mama. Siku hizi kazi ya depo ni nyingi."

"Siku ya Mungu?"

"Hata siku ya Mungu, Mama."

Akasema "Aya" kwa ile sauti aliyonipa tangu siku ya mahari, sauti ya mtu anayepima mihogo ya muuzaji asiyemwamini. Mimi ni Mushi wa Walungu, yeye ni Munande wa Lubero, makabila mawili, na mtoto wake alipotaka kunioa hakupiga kelele. Alinyamaza tu, na hadi leo bado hajamaliza kunyamaza.

Katembo alikuwa chumbani akisikia yote. Hawezi kusema naye. Kila baada ya maneno matatu anavuta pumzi, na kifua kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. "Akinisikia hivi," aliniambia, "atatangulia yeye kufa."

Jumanne, 17 Agosti

Mvua. Amekula uji nusu kikombe. Mimi zamu ya mchana.

Alhamisi, 19 Agosti

Jadwiga aliniita kwenye ua leo. Huyu ni jirani yetu wa kushoto, Mpolandi, mjane mwenye umri wa mama yangu, aliyefika nchi hii zamani kupitia hosteli ya wahamiaji kule Villawood. Miaka yote nilimwona kama polisi asiye na sare. Pipa la taka likichelewa kuingizwa ndani anagonga mlango. Lakini Katembo alipenda kubishana naye, na mada yao ilikuwa moja tu: milima. Jadwiga anatoka Chęciny, mji wa zamani wenye magofu ya ngome juu ya kilima, na pande zote ni hifadhi ya vilima na misitu ambako watu wanatembea siku nzima kwa raha zao. Kabla ya mipaka kufungwa alikuwa akirudi huko kutembea na dada yake. Siku moja alimwonyesha Katembo picha, na mume wangu, mtu wa Lubero ambako mawingu yanapita chini ya miguu ya watu, akauliza kwa heshima zote, "Mama Jadwiga, mlima wenyewe uko nyuma ya hiki kichuguu?" Hawakusalimiana siku mbili.

Leo hakutaja pipa. Aliuliza, "Yule mwenye kujisifu anaendeleaje?" Nikamwambia. Akaingia ndani, akarudi na chupa ya supu ya beetroot, akaipitisha juu ya ua kwa mkono ulionyooka ili tusisogeleane. Supu ilikuwa chachu. Katembo aliimaliza.

Jumapili, 22 Agosti

Mama mkwe amepiga. Nimesema amelala, ametoka zamu ya usiku.

Jumanne, 24 Agosti

Nesi wa hospitali alipiga simu. Anasema mapafu hayaponi kwenye sofa, lazima atembee kidogo kila siku. Hapa Campbelltown yote, wilaya yetu, sasa tunaruhusiwa saa moja tu ya kutembea nje, na si mbali na nyumbani. Nikamwambia Katembo saa moja inatosha, hata dakika kumi zinatosha.

"Bantu bataniona," akasema.

"Watu gani? Wote wamefungiwa."

"Njo maana. Hawana kingine ya kutazama."

Nikaenda kumtafutia kofia.

Jumamosi, 28 Agosti

Tumetoka. Barabara yetu inaishia kwenye msitu unaoshuka hadi mto Georges, na Jadwiga ndiye aliyetuonyesha njia. Yeye alitembea mbali mbele yetu kama mtu asiyetujua, sheria ni sheria. Kwenye kibao cha mwanzo wa njia akasimama akatupigia kelele kwamba kwao kuna kanuni: msafara wa mlimani huongozwa na mwendo wa aliye dhaifu. Yeye ndiye anayetangulia, wenye nguvu wanafuata, ili asiachwe na asijiue kwa kuwakimbilia.

Nilimtafsiria Katembo ingawa alikuwa amesikia. Akatazama njia ile, mawe matupu yanayoteremka bondeni.

"Mlima gani huu unaanza kwa kushuka?"

"Ndivyo ulivyo hapa," nikasema. "Unashuka kwanza, unapanda ukiwa umechoka."

"Mie siwezi kwenda mbele sawa mbuzi, bibi yangu ananifuata nyuma na fimbo." Bibi ni mimi, mke.

"Fimbo iko wapi, Papa Bénie?" nikasema, nikimwita kwa jina la mtoto wetu.

Aligeuka, akarudi nyumbani kwa hatua za hasira, na hasira ikammalizia pumzi mbele ya nyumba ya tatu. Akakaa kwenye ukingo wa barabara na kichwa kati ya magoti. Mimi nikasimama kando yake nikiangalia kofia yake, na nilikasirika, kweli nilikasirika, si kwa ugonjwa, kwa kiburi. Halafu nikakumbuka ni kiburi hichohicho kilichokataa kile kiti cha magurudumu.

Jumapili, 29 Agosti

Kwa Mama mkwe nimesema simu ya Katembo imeharibika. Hakuuliza itatengenezwa lini.

Jumanne, 31 Agosti

Leo nataka kuandika vizuri, kwa sababu leo mke wa Katembo ametumia akili.

Nilikuwa nikikunja nguo nikiwaza juu ya njia za kwetu za milimani. Huko mwanamke anabeba gunia la mihogo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na nyuma yake kuna vijana wasio na kitu mikononi, walimu, hata padri. Hakuna anayempita. Mwenye mzigo hapitwi. Yeye ndiye anayepanga mwendo, na anapotaka kupumzika anapumzika, wote wanasimama na kusema pole. Si Walungu tu. Katembo mwenyewe alinisimulia kwamba kwao Lubero ni vilevile, mama yake alimpandisha mlima hivyo, mama mbele na kahawa mgongoni, mtoto nyuma.

Nikachukua mkoba wa shule wa Bénie. Nikatia chupa ya chai, viazi vitamu vilivyochemshwa na mayai. Nikauweka mbele ya mume wangu.

"Mie nina mgongo mbaya," nikasema. "Nani atabeba chakula?"

Alinitazama. Si mjinga, alielewa saa ileile. Lakini aliuchukua, akauvaa, akarekebisha kamba polepole kama askari. Tulipofika kwenye kibao alitangulia mwenyewe. Aliposimama, nilisema, "Pole na mzigo." Akajibu, "Asante," akapumzika kama mfalme. Tuliteremka hadi mti wa kwanza wenye magome yanayoning'inia, tukarudi. Jadwiga aliyekuwa chini alitusubiri kwa mbali.

Bénie alikuwa mlangoni. Ana miaka kumi na saba, Kiswahili anakisikia chote na anajibu kwa Kiingereza. "Mum, is he carrying my bag?"

"Anabeba chakula."

"He hasn't stopped smiling."

Sikuwa nimeona tabasamu hilo, kwa kuwa nilikuwa nyuma.

Ijumaa, 3 Septemba

Hadi kwenye jiwe linalofanana na kiti. Mayai yameliwa.

Jumapili, 5 Septemba

Asubuhi mvua, hatukutoka. Mama mkwe akapiga. Kabla sijasema kitu, akasema yeye: "Yuko kazini." Nikaitika ndiyo.

Jumatano, 8 Septemba

Maua ya manjano yamefunguka msitu mzima, na ndege wao mweusi mwenye doa jeupe mgongoni ameanza vita vyake vya majira haya, anawarukia watu vichwani. Leo alimvamia Katembo mara mbili. Katembo aliinama, akafunika kichwa, akamtukana kwa Kinande, tusi refu lenye babu na bibi wa ndege ndani yake. Nilimwuliza alipumulia wapi. Akashangaa mwenyewe.

Jumatatu, 13 Septemba

Hadi mwanzo wa ngazi za mawe. Chini yake ndio mteremko wenyewe, hadi mtoni. Hajathubutu.

Jadwiga amenifundisha kwamba mlimani ni mwiko kumwambia mtu "tunakaribia." Anasema kwao huo ndio uongo unaovunja watu miguu. Nimeanza kumpenda huyu bibi. Ameniambia pia kwamba dada yake wa Chęciny anaumwa, na hajui mipaka itafunguliwa lini. Alisema hivyo akiwa amenipa kisogo, akikaza kamba za viatu ambazo zilikuwa zimekwisha kukazwa.

Jumapili, 19 Septemba

Leo Mama mkwe hakupiga.

Jumatano, 22 Septemba

Ile sheria ya saa moja imeondolewa. Katembo ameomba niongeze chupa ya maji mkobani. "Huu mzigo ni wa mtoto," alisema. Nimeongeza mbili.

Jumapili, 26 Septemba

Hakupiga tena. Nimempigia mimi, simu ikapokelewa na mtoto wa jirani, akasema Nyanya yuko anaomba.

Alhamisi, 7 Oktoba

Vénérand amepiga nikiwa kazini, nikatoka kwenye korido na glavu mikononi.

"Shemeji," akasema, "Mama ametandika mikeka."

Sikuelewa. Akarudia. Tangu jana mama yake amekaa chini uani, amefunga kitambaa kichwani, na wamama wa jumuiya wamekuja kukaa naye. Wamepika. Viti vya plastiki vimekodiwa. Mama analilia mtoto wake Katembo aliyefia Australia.

"Nani amemwambia amekufa?"

"Weye."

Nikaketi kwenye ngazi za zimamoto. Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Kwanza mtu yuko kazini. Halafu amelala. Halafu simu yake imeharibika. Mtu mzima akisikia hayo yakifuatana, haulizi tena, anatafuta mkeka. Nilipangia uongo wangu maneno yaleyale kwa utaratibu uleule, Jumapili baada ya Jumapili, na mama wa watu akanielewa vizuri kabisa.

"Mpe simu sasa hivi niseme naye, nikifika nyumbani atasema na Katembo."

"Anakataa kushika simu. Anasema simu njo ilimdanganya. Na mie haniamini tena. Nimemwonyesha picha yenu ya porini. Amesema picha haipumue."

Jioni nilimwambia Katembo. Nilitegemea apige kelele. Alikaa tu, mikono imeshika magoti, na machozi yakamshuka bila sauti. Alilia kwa ajili ya mama yake, si kwa ajili yake. Mimi nililia kwa sababu ni mimi niliyesema yale maneno.

Ijumaa, 8 Oktoba

Vénérand amesema Jumapili asubuhi ukoo wote utakuwa uani, na wazee watamlazimisha Mama kutazama simu mara moja. Mara moja tu.

Bénie akasema, "Just video call from the couch. She'll see he's alive."

"Kwenye sofa," Katembo akamjibu, "Nyanya yako ataona mtu amelala, amekonda, anahema. Atasema niko nakufa, muliniamsha niage. Mikeka itabakia palepale."

Ni kweli. Akikaa hawezi kumaliza sentensi ndefu bila kifua kusikika. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na Jadwiga aliyekuwa akimwagilia kabichi zake upande wa pili wa ua alikuwa anasikia kila kitu bila aibu. Bénie akamweleza mambo yote kwa Kiingereza.

Jadwiga akafunga mpira wa maji. "Mlimani kila mtu anahema," akasema. "Hata mimi. Hata padri. Hakuna anayemwuliza mtu wa mlimani kwa nini anahema."

Katembo alimtazama kama mtu aliyeletewa funguo zake.

"Basi tutasimama pale juu kwenye mwamba, karibu na kibao cha njia," nikasema. "Tunafika na gari, unasimama, unapiga."

"Hapana. Nikisimama juu na sikupanda, itakuwa uongo ingine. Nitashuka mpaka mtoni. Nitapanda. Halafu nitapiga."

Hajawahi kushuka ngazi zile. Nilitaka kukataa, nikakataza mdomo wangu.

Jumapili, 10 Oktoba

Saa tisa kasorobo ya mchana tulikuwa mtoni. Kushuka kulikwenda vizuri, kushuka hakujawahi kuwa tatizo la mtu. Sasa hivi waliochanjwa wanaruhusiwa kukutana nje, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tulitembea na Jadwiga pamoja, karibu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai. Katembo alinawa uso, akavaa mkoba, akatazama juu. Butembo ilikuwa asubuhi. Tulikuwa tumeahidi kupiga kabla ya misa, saa moja ya kwao, saa kumi ya kwetu.

Akatangulia.

Ngazi za kwanza alipanda kama anahesabiwa. Halafu zikaanza zile za magoti, ambako jiwe moja ni kama mawili. Akasimama. "Pole na mzigo," nikasema. Aliitikia kwa kichwa. Akapanda. Akasimama. Niliona shati lake limelowa chini ya mkoba, nikaona miguu inatetemeka, na kila kitu ndani yangu kilitaka kumvua ule mkoba. Jadwiga, aliyekuwa nyuma yangu, alinishika pindo la koti. Alinishika hivyo hivyo hadi nikatulia.

Katikati kuna mahali ambapo njia inapinda na huoni mwisho. Pale Katembo aliketi. Alikaa sana. Midomo ilikuwa ya kijivu. Nikatazama saa, nikaificha mkononi. Nilikuwa na neno moja tu mdomoni, "tunakaribia," na nililimeza.

Vijana wawili na mbwa walitoka chini yetu, wanapanda mbio. Walipofika nyuma ya Jadwiga walitaka kupita, maana nafasi ilikuwepo. Bibi yule akatandaza fimbo yake ya kutembelea njiani kama polisi niliyemdhania zamani. "Mnasubiri," akawaambia. "Ana mzigo." Wale vijana wakatazamana, wakasema no worries, wakakaa kwenye jiwe na mbwa wao.

Katembo alisikia. Aligeuka, akaona mstari wote nyuma yake, mke, jirani, vijana, mbwa, wote wamesimama kwa ajili yake. Akainuka. Sijui alichota wapi. Alipanda bila kuketi tena, hatua na pumzi, hatua na pumzi, na mimi niliyemfuata nilijivuna hadi kifua kikauma. Mimi ndiye mke wa huyu mtu, nilikuwa nawaza, mimi na si mwingine.

Juu kwenye mwamba Bénie alikuwa anasubiri na simu, amekwisha kumpata Vénérand. Nilimwona Vénérand amevaa koti jeusi. Nyuma yake viti vya plastiki, wamama kwenye mikeka, sufuria kubwa kwenye moto. Simu ikasogea, ikatetemeka, ikajaa uso wa Mama mkwe.

Katembo alisimama wima, mikono kiunoni, anahema.

"We Katembo? Njo weye?"

"Njo mie, Mama."

"Unahema."

"Niko napanda mulima."

"Mulima gani? Onyesha."

Bénie akageuza simu kuelekea bondeni. Mama mkwe akatazama. "Mie naona shimo," akasema. "Mulima iko wapi?"

Katembo akacheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikakaa muda mrefu. Mama alisubiri hadi kiishe. Macho yake hayakutoka kwenye kioo.

"Uligonjwa," akasema.

Katembo akaniangalia. Halafu akamwambia yote, hospitali, hewa ya bomba, sofa, mkoba. Alisema kwa vipande, akipumua katikati, na hakuficha kupumua. Alipomaliza, Mama mkwe aliomba anione mimi. Nilisogea mbele ya simu na kofia yangu ya jua, niko tayari kutukanwa, na ingekuwa halali yangu.

"Weye ulinidanganya," akasema.

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Na ule mzigo, wazo la nani?"

"Langu, Mama."

Safari hii hakuwa ananipima. "Bibi wa mtoto wangu," akasema, akimgeukia mama aliyekaa karibu naye ili naye asikie, "ana akili ya mlimani." Halafu akajishika kwenye bega la Vénérand, akasimama kutoka mkekani, akafungua kitambaa kichwani, akaanza kupitisha simu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kila aliyekuja kumlilia Katembo alitaka kumwona Katembo. Wamama wa jumuiya, mmojammoja. Shangazi. Mwenye viti vya kukodi. Mume wangu aliwasalimia waombolezaji wake wote kwa majina, akawauliza hali za watoto wao, akawashukuru kwa kuja. Jadwiga aliniuliza wanasema nini. Nilimwambia huu ni msiba wake, anawasalimia. Akakaa chini kwenye mwamba, akafunika mdomo kwa mikono miwili, mabega yakitetemeka, na sikujua kama anacheka au analia mpaka nilipoketi pembeni yake nikaona ni vyote.

Wa mwisho alikuwa baba mkubwa mzee kabisa, asiyesikia vizuri. Walimwekea simu sikioni badala ya machoni.

"Nani?" akauliza.

"Katembo."

"Nani?"

"Katembo!"

"Semeni kwa nguvu, huyu ni nani?"

Katembo akavua mkoba, akauweka chini. Akavuta pumzi, niliiona inaingia mpaka mwisho, akapiga kelele jina lake lote, na la baba yake, na la kijiji chao, kwa mkupuo mmoja. Ng'ambo ya mto watu waliokuwa wakitembea kwenye miamba wakasimama, wakageuka, wakatupungia mikono.